TANGO HULIWA BICHI
Maneno kwa wakulima wa Kitendaguro juu ya kulima matango nyumbani, na juu ya chupa ya dawa



Kijikaratasi hiki chaeleza habari za tango. Wako watakaosema ya kuwa tango ni jambo dogo, kwa kuwa chakula cha Mhaya ni ndizi, na fedha yake ni kahawa. Hayo ni kweli. Lakini ndizi hupikwa motoni, na kahawa hukaushwa, hukobolewa, hukaangwa kabla ya kunywewa. Tango halipitii moto. Mtoto hulichuma katika mche, hulifuta kwa kiganja, akaliuma pamoja na ganda lake. Cho chote ulichokinyunyizia jana, leo kimo kinywani mwake.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika maneno haya. Siku hizi mtu akiona doa moja la manjano katika jani, hatulii kutazama doa hilo limeanzia wapi. Hushika njia ya dukani, akanunua chupa, akajaza bomba, akanyunyizia mche wote, jani na ua na tunda. Akiona tango limepinda, hufanya hivyo hivyo. Akiona limeoza, hufanya hivyo tena. Mimi naona ya kuwa desturi hii ni mbaya, na tena haina faida. Taabu nyingi za tango katika vilima vyetu hutokana na mahali, na majira, na uvivu wa kutazama, na hizo chupa haiziponyi. Jicho liwe la kwanza, kisha mkono, kisha shauri la jirani. Chupa na iwe ya mwisho, tena mara chache.

Mahali na majira

Tango asili yake ni Bara Hindi, ambako limelimwa muda wa miaka kama 3,000. Ni mmea wa jua. Sisi huku tuna desturi ya kupanda kila kitu ndani ya kibanja, kwa kuwa ndiko kwenye samadi na udongo mweusi. Kahawa na maharage huvumilia kivuli cha mgomba, tango halivumilii. Chini ya migomba hurefuka, huwa jembamba, majani yake hukaa na umande mpaka karibu adhuhuri, na maua huwa machache. Mwenye mche huo hulaumu mbegu.

Wengine wameona hayo wakaenda kupanda katika rweya. Huko jua liko, lakini udongo wa rweya ni maskini na wenye uchachu, maana mvua ya miaka mingi imekwisha kuuosha. Basi tafuta mahali pa katikati: pembeni mwa kibanja, au nyuma ya jiko, mahali panapopata jua tangu asubuhi kwa muda wa saa sita au zaidi. Chimba mashimo ya upana na kina cha sentimita 30. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza sawasawa, kama kilo 2 au 3 kwa kila shimo, na konzi moja ya majivu ya kuni ili kupunguza uchachu. Samadi mbichi haifai; huunguza mizizi. Acha sentimita 50 baina ya shimo na shimo, na mita 1 baina ya mstari na mstari. Tia mbegu tatu kwa kina cha sentimita 2. Zikiisha kuota, bakiza mche mmoja ulio na nguvu kupita yote.

Tena usiliache tango litambae chini. Simika miti ya mita 2, hata matawi ya mkaratusi yafaa, uufungie mche kwa kamba za mgomba zilizokauka. Mche uliopanda juu hupitiwa na upepo, majani yake hukauka upesi, na matunda yake hayalali katika matope. Tandaza majani makavu juu ya udongo, lakini yasiguse shina.

Na majira? Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huanguka katika Machi, Aprili na Mei. Watu wengi hupanda tango mvua inapoanza, kama wanavyopanda maharage. Hapo ndipo ugonjwa wa majani unapolikuta. Naona ni afadhali mwenye maji ya kumwagilia apande katikati ya Mei, ili mche utoe maua mvua zinapokwisha, avune katika Julai. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, usimwage maji juu ya majani. Kazi ya kubeba ndoo ni nzito, sikatai, lakini ndoo ya maji haimdhuru mlaji.

Maua yasiyozaa na matango yaliyopinda

Kila mwaka husikika malalamiko haya: "Tango langu limetoa maua mengi, yote yameanguka, nipe dawa." Ndugu yangu, hapo hapana ugonjwa. Mche wa tango una maua ya namna mbili. Ya kwanza kutoka ni maua dume, nayo huanguka baada ya siku yake, kwa kuwa hayana tunda. Maua jike hufuata baadaye, pengine baada ya wiki nzima. Utayajua kwa kutazama nyuma ya ua: ua jike lina kitango kidogo kilichotangulia kuonekana, nalo ua dume lina kikonyo kitupu.

Ua jike hufunguka siku moja tu. Katika siku hiyo lazima nyuki walete chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka katika ua dume, tena waje mara nyingi. Wakija mara chache, tunda hukua upande mmoja, likapinda au likawa na kiuno chembamba. Wasipokuja kabisa, kitango hugeuka manjano na kudondoka. (Ziko mbegu zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za kioo na za nailoni ambazo huzaa pasipo nyuki, lakini si hizo zinazopandwa na watu wengi nje.)

Basi fikiri jinsi mambo yanavyozunguka. Mkulima hunyunyizia dawa ya wadudu asubuhi, saa ile ile maua yaliyo wazi na nyuki wanapofanya kazi. Nyuki hufa au huhama. Matango hupinda. Mkulima huona kupinda huko ni ugonjwa, hununua dawa ya pili, naye huinyunyizia asubuhi. Fedha imetoka mara mbili, na taabu imeongezeka kwa mkono wake mwenyewe. Kama nyuki ni haba kwako, chuma ua dume asubuhi, ondoa majani yake ya ua, ukaguse unga wake katikati ya ua jike. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa shule kabla hajaenda darasani, wala haigharimu senti moja.

Uchungu

Tango chungu nalo hudhaniwa kuwa limelogwa au kwamba mbegu yake imeharibika. Uchungu ni kitu kilichomo katika ukoo wa tango tangu asili, nacho huongezeka mche unapopata kiu na joto, hasa ukimwagiliwa leo ukasahauliwa siku nne. Hukaa zaidi katika ganda na upande wa kikonyo. Mwagilia kwa kipimo kilicho sawa, tandaza majani, na jikoni kata upande wa kikonyo na kumenya ganda. Likizidi uchungu sana, usile, litupe.

Magonjwa ya majani

Yako magonjwa mawili ya ukungu yanayofanana kwa jina, lakini tabia zake ni mbalimbali, na mtu asiyeyatofautisha hupoteza fedha.

Ubwiri vinyoya huanza kwa madoa ya manjano yenye pembe, kama yaliyokatwa kwa kisu, kwa sababu mishipa ya jani huyazuia. Geuza jani asubuhi, utaona chini yake ukungu wa rangi ya kijivu au zambarau. Ugonjwa huu hupenda jani lililolowa, nao huchukuliwa na upepo. Huishi katika majani mabichi tu. Kwa hiyo ng'oa mche mzee uliokwisha kuzaa, wala usipande mpya kando ya mgonjwa. Majani ya chini yenye madoa yakate wakati wa ukavu, ukayafukie mbali. Iko pia mbegu inayostahimili: ile iitwayo Ashley, iliyotolewa Marekani mwaka 1956, ilichaguliwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Kustahimili si kutougua kabisa, lakini humpa mkulima nafasi.

Ubwiri unga ni kama unga mweupe uliomwagwa juu ya jani. Huu hauhitaji mvua. Hupenda kivuli na msongamano. Kwanza punguza majani, ingiza hewa. Tena iko dawa isiyomtisha mlaji. Mwaka 1999 Wagner Bettiol wa Brazil alichapisha habari za majaribio yake ya kunyunyizia maziwa ya ng'ombe juu ya mimea ya jamii ya maboga, akaonyesha kwamba maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja katika kumi au zaidi, yalizuia ugonjwa huu vizuri. Chukua kikombe kimoja cha maziwa kwa vikombe tisa vya maji, unyunyizie mara moja kwa wiki siku ya jua. Lakini usijaribu maziwa kwa ubwiri vinyoya ukitumaini jambo hilo hilo.

Ukiona majani yenye mabaka ya kijani hafifu na kijani kizito, yamekunjamana, na mche umedumaa, hiyo ni batobato. Huletwa na vidukari, wala haina dawa duniani. Ng'oa mche huo siku ile ile. Kuuonea huruma mche mmoja ni kuwapa ugonjwa ishirini.

Wadudu, na habari ya jirani

Sota hukata miche usiku. Asubuhi fukua udongo karibu na mche uliokatwa, utamkuta amejikunja. Zungushia miche yako kipande cha ganda la mgomba kama kola. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Wako wadudu wa mviringo wenye madoa, na watoto wao wa manjano wenye miiba, ambao hukwangua jani mpaka likawa kama chekeche. Waokote kwa mkono asubuhi, uwatie katika kopo la maji ya sabuni. Lakini tazama vema kabla ya kuua. Yule mla majani ana mgongo wa vinyweleo, hang'ai. Ndugu yake mwenye mgongo unaong'aa hula vidukari; huyo ni askari wako. Chupa ya dawa haiwatofautishi.

Adui mkubwa ni inzi wa matunda. Jike hutoboa ganda la tango changa, akataga mayai ndani. Baada ya siku chache mabuu hutoka, hula nyama ya tunda, nalo huwa manjano, huoza na kuanguka. Mabuu huingia katika udongo, na baada ya wiki moja au mbili hutoka inzi wapya. Sasa nakuuliza: dawa unayonyunyizia juu ya ganda itamfikiaje buu aliye katikati ya nyama? Haitamfikia. Kitakachobaki ni sumu juu ya ganda na buu ndani yake.

Inzi huyu hushindwa kwa kazi mbili za mkono. Ya kwanza, funika tango changa kwa mfuko wa gazeti mara tu ua likiisha kunyauka, na tunda likiwa na urefu wa kidole. Ya pili, okota kila tunda lililooza, lililo katika mche na lililoanguka, kila baada ya siku mbili, ukalifukie kwa kina cha nusu mita, au ulitie katika mfuko mweusi wa nailoni, uufunge, uuache juani siku kadhaa. Usilitupe chini ya migomba wala katika shimo la mboji, maana huko utakuwa unawalea.

Hapa ndipo jirani anapohusika. Inzi hajui mpaka wa kibanja. Ukiokota wewe peke yako, na mwenzako akaacha maboga na matango yaoze, kazi yako ni nusu ya kazi. Vibanja vya Kitendaguro vimeungana. Mara nyingi ni ua wa miti michache tu unaotenga mtu na mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nashauri wenye bustani za mtaa mmoja wapatane siku moja ya wiki, kila mtu aokote kwake na kufukia, kama wanavyopatana juu ya mazishi na arusi. Sheria ya serikali haihitajiki kwa jambo hili. Yatosha watu kumi wenye neno moja.

Hesabu ya mchumaji

Najua yapo majibu. Mmoja atasema: "Mnunuzi wa soko la Bukoba mjini anataka tango lisilo na doa, asiponunua, watoto wangu hawana daftari." Neno hili ni zito, nami silidharau. Lakini tufanye hesabu pamoja.

Tango huwa tayari kuchumwa baada ya siku 50 au 60, likiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na tangu hapo yakupasa kuchuma kila baada ya siku mbili. Ukiacha moja likomae na kuwa manjano, mche hupunguza kuzaa. Sasa, kila chupa ya dawa ina karatasi inayotaja siku za kungoja tangu kunyunyizia mpaka kuchuma. Tuseme ni siku 7. Katika siku 7 utakuwa na machumo matatu. Ukiwa mtu mwaminifu, machumo hayo matatu utayafukia, na fedha yake imepotea. Usipoyafukia, umeyauza yakiwa na sumu. Mmea huu hauachi njia ya tatu. Kwa hiyo dawa ya siku nyingi haifai kwa mmea unaochumwa kila siku ya pili, hata kama ni dawa njema kwa mmea mwingine. Naye mnunuzi aweza kuliona doa, asiweze kuiona sumu. Hilo ni deni juu ya dhamiri ya muuzaji.

Mwingine atasema: "Dawa ni maendeleo, wewe waturudisha nyuma." Na tukumbuke habari ya DDT. Katika miaka ya 1940 dunia nzima iliisifu, na mwaka 1948 Paul Müller wa Uswisi, aliyegundua nguvu yake ya kuua wadudu, alipewa tuzo ya Nobel. Baadaye ikajulikana ya kuwa sumu hiyo hukaa katika ardhi na katika mafuta ya miili muda mrefu, na mwaka 2001 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Stockholm, uliokomesha matumizi yake mashambani na kuacha tu nafasi ya kupambana na mbu wa malaria na wadudu wengine waletao magonjwa. Watu walioisifu hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka. Sisi tumekwisha kuliona jambo hilo. Hatuna udhuru wa kuwa na haraka ile ile.

Ikikubidi

Sikatazi dawa kabisa. Shamba likizidiwa, na mkono umekwisha kufanya kazi yake, shika mambo haya. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2020, tena katika chombo chake chenye karatasi yake. Iliyomiminwa katika chupa ya soda usiinunue hata ikiwa rahisi. Soma siku za kungoja kabla hujatoa fedha, ukachague yenye siku chache. Jua ya kuwa dawa za kuzuia ukungu kama mancozeb huzuia ugonjwa kabla haujaingia. Jani lililokwisha kuugua haziliponyi. Pima kama ilivyoandikwa, usichanganye dawa mbili kwa kukisia. Nyunyizia jioni, nyuki wakiisha kurudi. Vaa nguo ndefu, funika pua na mdomo, oga baadaye. Bomba usilioshee katika kijito, maana maji yetu yote hushuka ziwani. Chupa tupu itoboe, isije ikatiwa mafuta ya taa au maziwa.

Na wewe mama, ambaye mara nyingi ndiwe mwenye bustani ya nyuma ya jiko, neno hili ni lako kwanza. Mume akileta chupa kutoka mjini, mwulize: siku ngapi za kungoja? Asipojua, chupa na ikae juu ya dari mpaka ajue. Anza mwaka huu kwa mashimo sita tu, mahali penye jua, yenye samadi iliyooza. Geuza majani kila asubuhi, okota matunda yaliyooza, funika machanga kwa gazeti. Ukiona jambo usilolifahamu, chuma jani lile, ulilete kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako kabla ya kulipeleka dukani. Sisi hatuuzi chupa. Kazi yetu ni kutazama pamoja nawe.